Kiu ya Ijumaa

Mwari wangu Mwanatumu,

Sijui barua ya mtu aliyelala kaburini hupelekwa na nani, lakini kalamu ninayo na mkeka nimeshautandika, kwa hivyo nitaandika. Naandika kwa zile herufi za Kiarabu nilizofunzwa chuoni, na mkono wangu ni mbaya vilevile. Uliwahi kuniambia herufi zangu zinafanana na kuku waliofukuzwa jikoni. Nilikukaripia siku ile kwa kukosa adabu, kisha nikaenda uani nikacheka peke yangu. Ni mimi, Bi Mwanakombo, somo yako. Mimi niliyekufunda ulipowekwa ndani, nikakukabidhi kwa mumeo, na kabla mwaka wa pili haujaisha nikaitwa kuiosha maiti yako.

Nina habari za kukupa na nina kosa la kukukiri. Nitaanza na habari, maana kosa ni zito na bado natafuta pa kulishikia.

Mwanao Siti ni mzima. Ameingia mwaka wa sita. Alizaliwa mwaka ule aliokufa mfalme wa Waingereza tukaambiwa sasa ni malkia, na mamako humhesabia umri kwa hesabu hiyo. Ana kipaji chako cha uso na vidole vyako virefu. Domo alilo nalo sijui kalitoa wapi. Juzi alimwambia maalimu wa chuo kwamba sura ile wameshaisoma jana, na kweli walikuwa wameisoma. Mamako anasema domo hilo ni langu, na mimi si damu yenu. Wanaishi palepale Msambweni, nyumba ileile, ila makuti yamebadilishwa, na ule ukuta wa jikoni uliokuwa ukipenda kuuegemea umeanguka na masika. Mumeo Salimu hajaoa tena. Bado anakata miwa, bado anarudi Alhamisi jioni na kuondoka Jumamosi alfajiri, na akirudi hupitia kwanza kwa mamako kumwona mtoto.

Sasa nikurudishe nyuma. Mengi ya haya unayajua wewe mwenyewe, lakini unayajua kwa upande wako. Wangu hukuwahi kuusikia, kwa sababu mimi nilikuwa somo na somo hajielezi kwa mwari.

Mamako Mejumaa alikuja kwangu wakati rika lako wote walikuwa wameshaposwa na wengine wana watoto, wewe bado. Alikuwa akiogopa kukuoza. Alikaa kwenye kibao changu cha mbuzi ya nazi badala ya kiti, akasema, "Mwanakombo, mwanangu ana aibu moja, na ninaitua kwako peke yako." Akaniambia kwamba tangu ulipozaliwa hujakauka. Hukuwa kikojozi. Haja yako ulikwenda kama wenzako, ukamaliza, ukajisafisha, na kabla hujafika mlangoni kitambaa kimeshaanza kuloa tena, tone kwa tone, mchana na usiku, kila siku ya maisha yako. Ulipokuwa mdogo walisema ni kichocho, maana huku kwetu watoto wanaooga mtoni hukojoa damu na hakuna anayeshtuka. Ulinyweshwa mizizi, ukadungwa sindano. Damu hukuwa nayo na kuloa hakukwisha. Basi wakanyamaza, wakakushonea vitambaa.

Nilikutazama siku saba. Nami nilikuwa nimefunda wasichana kutoka Msambweni mpaka Gazi, nikaamini hakuna jambo la mwili wa mwanamke litakalonishinda. Nikasema moyoni, huyu ni mlegevu, hajafunzwa kujizuia. Wewe ukaniambia kwa sauti yako ile ya chini, "Somo, najizuia. Hayanisikii." Nikakujibu kwamba mwili humsikia mwenyewe akiwa mkali. Zamani zile nilikuwa na jibu la kila kitu.

Kisha nikapata akili yangu ile, na niliiona kubwa sana. Nikakunyima maji. Ulipewa kikombe kimoja asubuhi na nusu yake jioni. Siku ya tatu kitambaa kilikaa tangu adhuhuri mpaka alasiri kikiwa na unyevu tu, na mimi nikafurahi mpaka nikaimba. Uliniambia mkojo umekuwa mwekundu kama chai ya rangi na unachoma. Nikakuambia unachoma kwa sababu uchafu unatoka. Mwanatumu, nilisema hivyo, kwa kinywa hikihiki.

Siku ya arusi ulikuwa hujanywa kitu tangu jana yake. Nilikufukiza udi mpaka macho yakakutoka machozi, nikakupaka dalia, nikakupanga asumini kichwani. Ile nguo nyeupe ambayo wazee huonyeshwa asubuhi nilikuwa nazo mbili, moja imetandikwa na moja nimeificha kwapani. Ile ya kitandani iliyoloa niliibadilisha bila mtu kuona. Wanawake wakapiga vigelegele, mamako akanishika mkono akaubusu, na mimi nikatembea siku ile kama niliyejenga msikiti. Kwa miaka mingi nilijisifu moyoni kwa ufundi ule. Kumwambia mtu sikuweza, kwa sababu ya kiapo chetu: yaliyoonekana ndani hayatoki nje, na zaidi hayafiki kwa mwanamume. Nimewaapisha wari wengi kiapo hicho, na nilikishika kuliko wote.

Masharti niliyokupa ya kuishi na Salimu nayakumbuka moja moja. Kuanzia Alhamisi adhuhuri usinywe maji. Ulale upande wa ukutani juu ya shuka iliyokunjwa mara nne. Uamke kabla yake, uifue, uianike nyuma ya choo. Ufukize nyumba. Akiuliza, sema ni jasho. Hakuwahi kuuliza, na kila nilipokupigia jicho uliniitikia kwa kichwa kwamba mambo ni sawa. Nakumbuka Ijumaa moja nilipita kwako watu wametoka msikitini. Salimu alikuwa akila wali wa nazi na samaki, anakusifu kwa mamako aliyekuwa barazani, na wewe umekaa kwenye mkeka umefunga kanga kifuani, midomo imekauka imepasuka. Ulikuwa unailamba. Nilikutazama nikaona fahari. Nilisema, mwari wangu huyo, anajua kujikaza.

Jumamosi Salimu akishaondoka ulikuwa unakunywa. Mamako aliniambia ulikuwa unakunywa umesimama palepale mtungini, kata baada ya kata, mpaka maji yanakutiririka kidevuni.

Kuna jambo jingine ambalo linanichoma labda kuliko hilo. Uliniuliza kama udhu wako unasimama, wewe ambaye hukauki. Nilikuambia hausimami, na kwamba Mungu anajua hali yako. Ukaacha kuswali. Majirani wakaanza kunong'ona, huyu kila siku yumo katika siku zake, na wewe ukavumilia manong'ono hayo kwa ajili ya kiapo changu. Mwaka huu ndio nimemwendea maalimu wa chuo, nikamwuliza kama vile nauliza habari za mtu wa mbali. Hata hakufikiri. Akasema, "Huyo ni mwenye udhuru, Bi Mwanakombo. Wakati wa swala ukiingia ajisafishe, ajifunge kitambaa, atawadhe, aswali palepale. Swala yake ni swala." Kisha akaniuliza ni nani aliyemwambia mtu huyo asiswali. Nikamuaga. Njiani nikakumbuka siku uliyoniuliza, "Somo, nitakutana na Mola wangu nikiwa nanuka?" Ulikuwa unachambua mchicha, hukuinua uso. Nilikuambia usiseme maneno mabaya.

Mimba yako ilipofika miezi sita ukaanza kushika ubavu wa kushoto. Ukapata homa za kutetemeka, tukakupa kwinini. Tukasema ni malaria, kisha tukasema mtoto amelalia upande, kisha tukasema mimba ya kwanza ndivyo ilivyo. Hata hapo Alhamisi ulikuwa hunywi. Mwili unawaka moto na hunywi. Nilikuwepo, nilikuona, na sikusema kunywa, mwanangu, mengine tutayajua baadaye. Ulijifungua salama, Siti akalia, ukacheka. Homa ikarudi siku ya nne. Siku ya kumi na moja ukafa, na ilikuwa Ijumaa.

Nilipokuosha nilikuwa nimebeba vitambaa vyako vyote, kwa mazoea. Nikakuosha, nikakupangusa, nikakaa na kitambaa mkononi nikingoja. Wale wanawake wawili waliokuwa wakinimwagia maji wakaniuliza nangoja nini. Sikuweza kuwaambia kwamba nangoja uloe. Ndiyo siku ya kwanza na ya mwisho niliyokuona mkavu.

Miaka ikapita. Mtoto mchanga huloa, hakuna anayemtazama. Siti alipofika miaka mitatu mamako akaanza kumkemea, na alipofika minne akaanza kumchapa. Mimi nilikuwa nimejitenga kidogo, nina wari wangu, nina arusi zangu. Siku moja nikaenda kwao mchana wa jua kali. Nikamkuta Siti amesimama mtungini na mamako amemshika mkono, anamnyang'anya kata ya maji. Mtoto alikuwa amefumba midomo hataki kulia mbele yangu. Nikasema, "Mejumaa, mpe mtoto maji, jua hili." Mamako akanigeukia, akaniambia bila hasira yoyote, "Nafuata ulivyotufunza wewe. Huyu naye ni kama mamake."

Nikakaa chini palepale kwenye mchanga. Nilimwita Siti, nikamwinua kanga, nikaona kitambaa, kilekile, kimeshonwa vilevile. Nikamwuliza kama anakwenda haja vizuri. Akasema anakwenda, lakini yanamtoka tena yenyewe. "Hayanisikii," akasema. Hajawahi kukusikia wewe ukisema neno hilo. Nilimchotea maji mwenyewe akanywa kata mbili, na mamako akanitazama kama nimerukwa na akili.

Nikampeleka hospitali, nikamburuta na mamako. Hapa ndipo nilipokosea mara ya pili, na mara hii sina hata ujinga wa kujifichia. Daktari, kijana wa Kihindi mwenye Kiswahili cha dukani, alimpima akauliza kama kuna mwingine katika jamaa aliyezaliwa hivi. Mamako alinikazia macho. Mimi nikasema hakuna. Nilikuona kabisa mbele yangu, Mwanatumu, nikasema hakuna. Kiapo kilinishika ulimi hata kwa mtu aliyekuwa akitafuta kukiokoa kizazi chako. Daktari akaandika kichocho, mtoto akaanza kudungwa sindano zile kali zinazotapisha. Alikuwa akitapika njia nzima ya kurudi nyumbani. Akamaliza zote, na kuloa kuko palepale. Baada ya miezi miwili akaanza homa ya kutetemeka. Akashika ubavu.

Aliposhika ubavu, nilimbeba mgongoni mwenyewe, na umri wangu huu. Mamako alinifuata nyuma akinisihi, "Mwanakombo, usimvue mwanangu nguo mbele za watu, na yuko kaburini." Nilimsikia, na bado nilisema. Nilimwambia daktari kila kitu: vitambaa, haja inayokwenda sawa na bado kuloa, maji niliyokunyima, mkojo mwekundu, ubavu, homa, siku ya kumi na moja. Alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akachukua karatasi akanichorea.

Alichora figo mbili, kulia na kushoto, na kutoka kila figo mrija unaoshuka mpaka kwenye kibofu. Kisha kwenye figo ya kushoto akachora mrija wa pili. Huo haukuingia kibofuni. Ulipita pembeni, ukaenda kufungukia chini, mahali ambapo hakuna kitu cha kuufunga. "Mama, huyu mtoto nazaliwa na mrija moja zaidi," akasema. "Kibofu yake mzuri, ndiyo sababu anakwenda haja. Lakini hii mrija hapana pita kwa kibofu. Hata akijizuia vipi, hawezi." Nikamwuliza kama ni uvivu wa mtoto. Akasema hapana. Nikamwuliza kama ni laana, au jicho, au jambo alilofanya mamake akiwa na mimba. Akasema hapana, ni maumbile ya tumboni tu, na mara nyingine hutokea kwa watu wa damu moja. Halafu, bila mimi kuuliza, akasema kwamba watu wa namna hii wanatakiwa kunywa maji mengi sana, ili uchafu usikae ndani ukaoza.

Nilimwomba ile karatasi. Sijui kwa nini niliitaka. Nilikuwa nimesimama nayo, natazama kale kamrija ka pili, kembamba kama uzi, nikafikiri kwamba kumbe ulikuwa unasema kweli. Hayakusikii. Hayakuweza kukusikia.

Daktari akasema Mombasa wanaweza kumpasua na kuondoa mrija huo, lakini iwe mapema kabla figo nzima haijaharibika, na baba mtoto ndiye wa kutia sahihi. Ilikuwa Jumanne. Mamako akasema tumwambie Salimu kwamba ni ngiri. Alikuwa tayari kwa uongo mwingine, na simlaumu, maana uongo wote huo alijifunza kwangu. Lakini nilikuwa nimechoka, Mwanatumu. Nikamwambia, Alhamisi nitasema naye mimi.

Alikuja jioni na panga lake limefungwa gunia, akanisalimu, "Shikamoo, mama," akakaa kwenye kizingiti. Nilikuwa nimepanga maneno tangu asubuhi na yote yakanipotea. Nikamwambia tu kwamba nilimdanganya tangu siku ya arusi yake. Nikamweleza habari ya nguo mbili. Nikamweleza shuka, udi, jasho. Nilipofika kwenye maji nikamalizia kwa kunong'ona. Nilitarajia anitukane. Nilitaka anitukane.

Aliliegemeza panga lake ukutani. Kisha akasema, "Mama, mimi nilijua tangu Ijumaa ya kwanza."

Akasema aliamka usiku ule akahisi shuka imeloa, akageukia upande wa pili akajifanya amelala fofofo ili uweze kuondoka na heshima yako. Akasema alifanya hivyo kila wiki. Alikuwa akikusikia unafua gizani, akifumba macho, akingoja urudi. "Nilisema, akitaka kuniambia ataniambia. Sikutaka kumtia haya. Kwangu halikuwa kitu." Nikamwuliza, na maji je, hukuona kwamba hanywi? Akasema aliona. Alidhani hupendi maji ya kisima chenu kwa sababu yana chumvi. Ndiyo maana kila Alhamisi alizunguka njia ya bondeni na debe begani, akitoka kazini, akakuletea maji matamu. Na bado hukunywa. "Mwishowe nikafikiri labda ni adabu mlizomfunda, mke asinywe maji mbele ya mume."

Nikamwambia, "Ndizo. Ndizo adabu nilizomfunda."

Hapo ndipo alipolia. Mimi sikulia, sikuona kama nina haki. Sote watatu tulikuwa tukikusitiri, Mwanatumu. Mamako alikusitiri kwangu, mimi nikakusitiri kwa Salimu, na Salimu akakusitiri kwa nafsi yako. Debe la maji matamu lilikuwa mlangoni kila Ijumaa, na wewe unalamba midomo kwa ajili ya mtu aliyekuwa ameshajua na hakujali.

Alitia sahihi Jumamosi. Hakwenda kazini.

Tulivuka feri Likoni sisi wanne. Mombasa walimtia Siti dawa mshipani, wakampiga picha za tumboni, na picha zikaonyesha kilekile alichochora yule kijana wetu kwa kalamu. Walimpasua ubavuni, wakakata kipande cha juu cha figo kilichokuwa kimeoza pamoja na mrija wake. Mpasuaji alisema kilichobaki kinatosha kumfikisha uzee. Ana kovu kama mshono wa gunia na analionyesha kwa kila mtu, nimeshindwa kumkataza.

Asubuhi ya kwanza aliyoamkia nyumbani baada ya nyuzi kutolewa, mamako aliushika mkeka wake kwa viganja. Akaugeuza, akaushika tena upande wa pili. Ulikuwa mkavu. Akautoa nje, akautandika uani juani kama alivyozoea kufanya, ingawa haukuhitaji jua, akakaa juu yake akalia mpaka majirani wakaja kuuliza nani amekufa. Alikuwa anakulilia wewe. Tangu Alhamisi ile alikuwa hasemi nami, na siku hiyo ndiyo alinisogezea nafasi nikakaa karibu naye.

Kuhusu mimi, hawaniiti tena arusini. Habari zilienea kwamba Bi Mwanakombo amemwambia mwanamume mambo ya ndani, tena mkwe, tena kwa kinywa chake. Wari wawili niliokuwa nimepewa wamepelekwa kwa somo mwingine. Nikipita, wanawake wananiamkia kwa adabu na kunyamaza mpaka nimefika mbali. Inaniuma, nisikudanganye, maana sikuwa na kitu kingine nilichokijua duniani. Lakini mama mmoja wa Gazi alinijia mchana, amejifunika buibui mpaka machoni, akaniuliza kwa kuzungukazunguka kuhusu binti wa ndugu yake. Nilimpeleka kwa yule daktari mwenyewe.

Sasa nifike kwenye lililonikalisha mkekani leo. Jana Siti alikuwa hapa kwangu. Anashinda hapa siku nyingi, ananiita nyanya, analala kifuani mwangu adhuhuri na mimi najifanya joto linanisumbua. Alikuwa akilichezea kovu lake. Akaniuliza, "Nyanya, mamangu naye alikuwa na mrija kama wangu?" Nikasema ndiyo. Akafikiri, akaniuliza, "Basi mbona yeye alikufa?"

Nikamtuma dukani chumvi. Chumvi ninayo, tele. Nilimtuma ili nisimjibu, na aliporudi nikamwambia habari za paka. Alinitazama, Mwanatumu. Ni mtoto wa miaka sita na aliona kwamba nimemficha kitu, akaacha kuuliza. Alinisitiri. Hata yeye ameshajifunza.

Sitaki ajifunze hilo kwangu. Kesho ni Alhamisi, babake atakuja. Nitamkalisha Siti mbele yake na mbele ya mamako, na nitamjibu swali lake kwa maneno ambayo mtoto anayaelewa. Nitamwambia kwamba mamake alikuwa na kiu, maji yalikuwepo, na mimi ndiye niliyemwambia asinywe. Hili nakuahidi, na nimekuandikia ili nisipate pa kukimbilia.

Pumzika, mwari wangu. Mola akuswalishe huko swala nilizokunyima huku. Huenda kesho baada ya kunisikia mwanao akaacha kuniita nyanya. Jina lolote atakaloniita, nitaitikia.

Somo yako,
Mwanakombo